Kupanda ni siku moja, kulea ni miaka

WAHENGA walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Walimlenga mtu anayeukwea mti wenye miiba bila kufikiria atakavyoteremka. Lakini lugha yetu ina ukarimu wake, na neno lilo hilo la kupanda latumika pia kwa mkulima anayeitia mbegu ardhini. Kila nionapo umati wa watu waliovaa fulana mpya, kila mmoja ameshika mche mkononi na kumgeuzia uso mpiga picha, huikumbuka methali hiyo na kujiambia kwamba hata katika maana hii ya pili wahenga hawakukosea. Kupanda ni rahisi. Ngoma huanza baadaye.

Nimeyawaza haya kwa sababu ya mpwa wangu. Kijana huyo alihitimu chuo kikuu mwaka jana na akabahatika kupata kazi katika shirika dogo lisilo la kiserikali linalotetea mazingira. Wiki chache zilizopita aliniandikia waraka wenye masikitiko. "Mjomba," alisema, "nilidhani nitakuwa msituni, kumbe niko mezani. Tangu niajiriwe nimejaza fomu, nimeandika ripoti, nimehudhuria warsha tatu hotelini, na nimepanda mti mmoja tu, tena siku ya kupigwa picha. Mkubwa wangu anataka idadi ya miche. Hakuna anayeniuliza habari za miti. Je, hii ndiyo kazi ya kutetea mazingira, au nimepotea njia?"

Nimeamua kumjibu hadharani, maadamu najua si yeye peke yake anayeuliza. Vijana wengi wetu, wasichana kwa wavulana, wameingia katika mashirika haya wakiwa na moyo safi, na baada ya mwaka mmoja moyo umeanza kuingia kutu. Jibu langu ni kwamba mpwa wangu ana haki katika jambo moja na amekosea katika jingine. Ana haki kushtuka kwamba watu wanahesabu miche badala ya miti. Amekosea kuidharau meza na karatasi zilizo juu yake.

Nianze na lile la haki, na kwa kufanya hivyo sina budi kukiri kosa langu mwenyewe.

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita nami nilitumikia shirika la namna hiyo, ambalo sina haja ya kulitaja. Lilikuwa na mradi wa upanzi wa miti katika sehemu kavu za Ukambani. Tulikuwa watu sita, gari moja lililokuwa likisukumwa mara nyingi kuliko lilivyoendeshwa, na ofisi ya kukodi nyuma ya duka la mbolea. Wakubwa wetu hawakuwa wezi wala wazembe. Walikuwa watu wema waliofungwa na kalenda ya mtu mwingine. Mwaka wa fedha wa mfadhili ulikwisha Juni, na fedha ambazo zingekuwa hazijatumika kufikia siku hiyo zilipaswa kurudishwa. Mwaka huo zilichelewa, zikatufikia Mei. Basi tukapanda miche 4,000 katika wiki tatu za mwisho za Juni.

Mtu yeyote aliyezaliwa Ukambani angetuambia, na wengi kwa hakika walituambia, kwamba masika yalikuwa yamekatika, na kwamba mvua ya kutegemewa katika nchi ile ni ya vuli, inayoanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Tuliwasikiliza kwa adabu, tukaendelea kuchimba mashimo katika ardhi iliyokuwa imeanza kuwa ngumu kama jiwe. Ripoti yetu ilisema kwamba miche 4,000 imepandwa. Lilikuwa neno la kweli kabisa, wala hakuna mkaguzi ambaye angelipata dosari.

Februari iliyofuata nilitumwa kule kule kutafuta mahali pa kupanda miche mingine. Mama mmoja mkongwe alinikaribisha kivulini, akanipa maji ya kunywa, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umekuja kuitazama ile ya mwaka jana, au mmeleta mingine ya kuzika?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anionyeshe ile ya mwaka jana. Tulizunguka asubuhi nzima, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma na daftari. Kijiji kile kilikuwa kimepewa miche 300. Tulihesabu 31 iliyokuwa hai. Kati ya hiyo, 19 ilikuwa katika ua wake mwenyewe, mingi ikiwa ya ule mti ambao Wakamba huuita mukau na ambao huvumilia ukame. Alikuwa ameizungushia miiba ili mbuzi wasiifikie, na kila jioni aliimwagia maji yaliyooshea vyombo. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Jina lake halikuwamo katika ripoti yoyote, kwa sababu siku ya kupanda alikuwa ameenda kliniki na hakutia sahihi.

Niliporudi ofisini niliiandika ile hesabu: 31 kati ya 300. Mkubwa wangu aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema tukipeleka takwimu hii hatutapata fedha za mwaka ujao, na tusipopata fedha hatutaweza kuwasaidia watu hao hao. Hakunilazimisha. Aliniachia karatasi mezani akaenda zake. Nami nikaifuta. Nilikuwa na mke, mtoto mchanga na kodi ya nyumba. Lakini nasema wazi leo kwamba katika miaka yote niliyofanya kazi ile, takwimu pekee iliyokuwa na thamani ni ile niliyoifuta.

Msomaji atajiuliza kama kulikuwa na njia nyingine. Ilikuwapo, tena hapa hapa kwetu, na ilikuwa imetangulia mradi wetu kwa miaka mingi. Mnamo Juni 5, 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Saba tu. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement. Kutoka hapo kazi ilienea mashambani, mikononi mwa wanawake waliokuwa wakilalamikia mambo waliyoyajua vyema: kuni zimekuwa mbali, vijito vinakauka, chakula cha watoto hakitoshi. Wataalamu wa misitu walitilia shaka iwapo wanawake wasio na stashahada wangeweza kuotesha miche. Wanawake wakaiotesha hata katika vyungu vilivyovunjika, kwa maarifa yale yale waliyoyatumia kuotesha mahindi na maharagwe.

Hata hivyo, jambo ambalo mara nyingi tunalisahau tunapomsifu mama huyo ni kanuni yake ndogo kuhusu malipo. Mwanamke aliyekuza miche alipewa fedha kidogo, senti chache tu kwa kila mmoja. Lakini hakulipwa kwa mche alioutia ardhini. Alilipwa kwa mche uliopandwa ukaendelea kuishi. Tazama jinsi kanuni hiyo inavyobadilisha kila kitu. Anayelipwa kwa kupanda atapanda hata juu ya mwamba, hata Juni. Anayelipwa kwa uhai wa mti atauliza kwanza mvua itanyesha lini, mbuzi wa jirani hulala wapi, na nani atakayechota maji. Aidha, atalazimika kurudi, na mtu anayerudi hujulikana kwa jina, huulizwa maswali na huona haya kusema uongo. Kufikia mwaka wa 2004, Profesa Maathai alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, shirika hilo lilikuwa limepanda miti zaidi ya milioni 30.

Wala si yeye pekee. Katika kijiji cha Gazi, Kaunti ya Kwale, wanakijiji wameungana katika mradi uitwao Mikoko Pamoja, wanaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na msitu huo. Mapato yao yameleta maji ya bomba na kununua vitabu vya shule. Biashara hiyo haiwezekani kwa kuhesabu miche. Mnunuzi hulipia mti uliosimama, na mti huo lazima upimwe tena na tena. Mkoko ukikatwa, fedha nazo hukatika, na kila mtoto anayefungua bomba anajua hivyo.

Nchi yetu sasa imejiwekea shabaha kubwa. Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa siku nzima ya mapumziko ili kila mwananchi apande. Sitaukejeli mpango huo. Nilitoka siku hiyo na jembe langu kama wengine. Ninachoomba ni kwamba pawe na siku nyingine, mwaka mmoja au miwili baadaye, ya kutoka na daftari kwenda kuona iliyobaki. Taifa lililoweza kupata siku ya kupanda haliwezi kukosa siku ya kuhesabu.

Hapo ndipo mpwa wangu ana haki. Sasa nije mahali anapokosea, yaani kule kuzionea karatasi kinyaa.

Anayepanda mti kwa dhati hatachukua muda kabla ya kujiuliza ardhi iliyo chini yake ni ya nani. Na akishauliza swali hilo, amekwisha kutoka shambani na kuingia mahakamani. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1989, ilipotangazwa kwamba jumba la orofa 60 lingejengwa katika bustani ya Uhuru Park. Profesa Maathai aliandika barua, akapuuzwa. Akaenda Mahakama Kuu, kesi ikatupwa. Jaji alishikilia kwamba mlalamishi hakuwa na haki ya kisheria kushtaki kwa niaba ya umma. Wabunge walimkejeli, na shirika lake likafukuzwa katika ofisi lililokuwa likizitumia. Licha ya hayo, kelele zake zilifika mbali, wafadhili wa kigeni wakajitoa na jumba halikujengwa. Miaka kumi baadaye, Januari 8, 1999, alijeruhiwa kichwani na walinzi alipokwenda kupanda mti katika Msitu wa Karura, uliokuwa ukigawiwa watu wenye ushawishi. Leo wakazi wa Nairobi hupumzika Uhuru Park na hutembea Karura, na wengi wao hawajui kwamba bustani na msitu huo viliponea chupuchupu.

Lakini angalia tulivyosonga mbele kisheria. Kile ambacho mahakama ilikikataa mwaka wa 1989, Katiba ya mwaka wa 2010 imekiandika. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinaiagiza serikali ifikishe na kudumisha miti katika angalau asilimia kumi ya ardhi ya nchi. Na Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye au mwingine amekwisha kupata hasara. Mlango ambao mama yule aliugonga hadi mikono ikachubuka, sasa umefunguliwa. Je, ni nani atakayeingia? Ni yule tu ajuaye kusoma na kuandika karatasi.

Mfano mwema ni Lamu. Palikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa megawati 1,050, wenye kutumia makaa ya mawe, huko Kwasasi, katika kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya na wavuvi wasiojua riziki nyingine ila bahari. Leseni ya mazingira ilitolewa mwaka wa 2016. Muungano wa wenyeji uitwao Save Lamu, pamoja na wakazi watano, ukakata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, na Juni 26, 2019 jopo hilo likaifuta leseni. Sababu kuu? Wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika tathmini ya athari za mradi.

Tafakari maana ya sababu hiyo. Ushindi haukupatikana kwa hotuba kali wala kwa fulana. Ulitokana na swali kavu kama mfupa: mkutano ulifanyika lini, nani aliitwa, aliambiwa nini, na ripoti ilikuwa imekamilika au bado? Swali la namna hiyo hujibiwa na mtu aliyekaa na kuandika. Isitoshe, sheria haingoji. Asiyeridhika na leseni ana siku 60 za kukata rufaa. Shirika ambalo hakuna mtu wake aliyezoea kuzisoma ripoti nene za wataalamu, kuwaeleza wavuvi kwa lugha yao yaliyomo, na kutunza orodha ya waliohudhuria na walionyimwa nafasi ya kusema, litagundua athari za mradi siku ya 61.

Kwa hiyo, mpwa wangu, usilalamike kwamba uko mezani. Uliza unaandika nini hapo mezani, na unamwandikia nani. Kuna karatasi inayomlinda mwanakijiji na kuna karatasi inayomficha. Ile ripoti yangu ya miche 4,000 ilikuwa ya aina ya pili.

Najua kuna wasemao kwamba watu wa mazingira ni vibaraka wa wageni, wanaokula fedha za ng'ambo na kuzuia maendeleo. Madai hayo mara nyingi hutolewa na wenye maslahi yao katika ardhi inayobishaniwa, na sitayabariki. Hata hivyo, tusiyatupe yote. Shirika linaloijua anwani ya mfadhili kuliko jina la mzee wa kijiji limejifungulia mlango wa matusi. Anayewaambia wanawake wasikate kuni bila kuuliza watapikia nini, au anayemwita mchoma makaa adui bila kujua karo ya watoto wake hutoka wapi, hatapata mtu wa kusimama naye siku trekta litakapofika. Msitu hulindwa na wanaoishi kando yake. Sisi wengine ni wasaidizi tu.

Wala tusisahau kwamba kazi hii ina hatari. Joannah Stutchbury, aliyeupinga unyakuzi wa Msitu wa Kiambu, aliuawa kwa kupigwa risasi karibu na nyumbani kwake Julai 2021. Katika mji wako au kijiji chako, msomaji, huenda kuna mtu anayepokea vitisho kwa sababu ameuliza ni nani aliyeuziwa kinamasi au ukingo wa mto. Mtu huyo akiwa peke yake, ni rahisi kumnyamazisha. Akiwa na kijiji kizima nyuma yake, na nakala za hati zake katika mikono mingi, ni vigumu zaidi. Hiyo nayo ni sababu ya kuandika na ya kujulikana na watu.

Basi lifanyike nini? Kwanza, wafadhili wafuate kalenda ya mvua, wala mvua isiombwe kufuata kalenda ya wafadhili. Fedha za kupanda Ukambani zifike Septemba, vitalu vikiwa tayari, au zisubiri. Pili, sehemu ya malipo izuiliwe hadi mwaka wa tatu, ilipwe kwa miti iliyo hai, na sehemu yake kubwa iwaendee walioitunza. Tatu, hesabu ya miti iliyokufa isiwe siri ya ofisi. Ibandikwe ukutani kwa chifu, kwa lugha ya mahali hapo, ili kila mtu aisome na kuisahihisha. Nne, na hili ni la serikali na mashirika kwa pamoja, mfanyakazi anayeleta habari mbaya za kweli asiadhibiwe. Mti uliokufa hutufundisha ulikufa kwa nini. Mti uliofichwa haufundishi kitu.

Profesa Maathai alipofariki Septemba 25, 2011, alikuwa ameacha usia kwamba asikatiwe mti wa kutengenezea jeneza. Alisindikizwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu-maji. Watu wengi walishangaa. Mimi naona lilikuwa jambo la kawaida kwa mtu aliyekuwa amezoea kuhesabu mti mmoja mmoja.

Mpwa wangu, hujapotea njia. Baki kazini. Zisome sheria, uandike ripoti zako, uvumilie hata hizo warsha. Lakini kabla ya mwaka huu kwisha, omba ruhusa ya siku moja, panda matatu uende mahali mlikopigiwa picha. Chukua daftari. Mtafute mama au mzee anayejua kila mti ulipo, mwombe akutangulie, mhesabu pamoja. Kisha liandike jina lake katika ripoti, na uiandike hesabu hiyo kama ilivyo, hata ikiwa ni 31 kati ya 300. Mkubwa wako akikuachia karatasi mezani na kwenda zake, usiifute.